Kichocheo na mchochezi

Kiswahili kina neno moja ambalo maabara inalipenda na mahakama inalitilia shaka. Kuchochea, kwa asili yake, ni kazi ya jikoni: unasukuma kuni ndani ya mafiga, unachokoachokoa majivu, moto unashika. Walipotafuta jina la kile kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kwisha, watu wa sayansi wakakiita kichocheo. Wanasheria nao, walipotafuta jina la kosa la kuwatia watu hasira dhidi ya serikali au dhidi ya wenzao, wakaliita uchochezi, na anayelitenda wakamwita mchochezi.

Kwa sisi tunaoandika habari, neno la pili si la kamusi. Ni neno linalokuja na wito wa polisi. Na kila linapokuja, utetezi ni uleule, awe anayejitetea ni mwanasiasa, mtangazaji au kijana aliyesambaza ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp: mimi sikumgusa mtu, nilisema tu. Watu wale walikuwa wanataka kupigana tangu zamani, hata nisingesema wangepigana. Tena mimi ni nani? Mtu mdogo tu.

Nimekuwa nikijiuliza kama utetezi huu una mashiko, na jibu lililonisaidia zaidi sikulipata kwenye kitabu cha maadili. Nililipata kwenye kona ndogo ya kemia ambayo watu wengi hawana sababu ya kuijua. Naomba msomaji univumilie aya chache.

Kuna jamii ya kemikali inayoitwa alkaini. Ndani yake atomi mbili za kaboni zimeshikana kwa vifungo vitatu. Asetilini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea vyuma, ndiyo alkaini ndogo kuliko zote. Upande wa pili kuna saileni: atomi ya silikoni, jamaa wa mchanga, ikiwa na haidrojeni imening'inia. Ukiziweka pamoja, kwa kawaida zinakaa kimya. Si kwamba haziwezi kuungana. Zikiungana zinashuka mahali pa nishati ndogo, kama maji yanayoteremka bondeni. Tatizo ni kwamba kati yao na bonde kuna kilima. Ndipo inapoingia metali. Tone la mchanganyiko wenye platinamu linatosha: kifungo kimoja kati ya vile vitatu kinafunguka, haidrojeni inakwenda kwenye kaboni moja, silikoni inakwenda kwenye nyingine. Wanakemia wanaita kazi hii haidrosililesheni, jina refu kama treni ya mizigo, na viwanda vinaitegemea. Mmenyuko ndugu yake, ule wa vifungo viwili, ndio unaogandisha raba nyingi za silikoni: vinyonyeo vya chupa za watoto, vyombo laini vya kuokea keki, ule udongo wa rangi ambao daktari wa meno anakuwekea mdomoni ukauume upate alama ya meno yako.

Mwaka 1957 John Speier na wenzake wa kampuni ya Dow Corning, Marekani, walionyesha kwamba asidi yenye platinamu, kwa kiasi kidogo sana, inaifanya kazi hii vizuri kuliko chochote kilichokuwapo. Baadaye Bruce Karstedt wa General Electric akapata aina bora zaidi, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo tuna kichocheo chetu. Sasa tukichunguze kama shahidi.

Shuleni tulifundishwa kwamba kichocheo hakibadiliki. (Tulifundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo uhusiano wake na mchochezi ulitupita kabisa. Nadhani hiyo ni moja ya hasara za kusoma sayansi kwa lugha ambayo haijawahi kukaa na wewe jikoni.) Unaandika vitu vinavyoingia upande wa kushoto, vinavyotoka upande wa kulia, katikati unachora mshale, na platinamu unaiandika juu ya mshale. Haiko miongoni mwa walioingia wala waliotoka. Berzelius, Mswidi aliyelipa jambo hili jina lake la kitaalamu katika miaka ya 1830, aliona kama vile vitu hivi vinafanya kazi kwa kuwapo tu, vinaamsha uwezo uliolala kwa wenzao bila vyenyewe kujihusisha.

Huo ndio utetezi wa kwanza wa mchochezi, na kemia yenyewe ilishaubomoa. Mwaka 1965 Alan Chalk na John Harrod walipendekeza hatua kwa hatua platinamu inafanya nini, na maelezo yao bado ndiyo msingi wa mazungumzo. Metali haisimami pembeni. Inakiingia kifungo cha silikoni na haidrojeni, inakivunja, inabeba haidrojeni mkono huu na silikoni mkono ule. Kisha inaikaribisha kaboni, inaikabidhi kimoja, halafu cha pili, inaiachia. Ndipo mikono inabaki mitupu na mzunguko unaanza upya. Ni kweli mwishoni iko kama ilivyokuwa mwanzoni. Lakini katikati, katika kila mzunguko, imebadilika, imeshika, imevunja. Kutobadilika kwake ni ukweli wa mhasibu anayepiga hesabu asubuhi na jioni na kulala mchana.

Kila mtu mjini anamjua dalali wa viwanja wa namna hii. Jina lake haliko kwenye hati, hayuko kwenye mkataba. Ukienda baraza la ardhi utamkuta muuzaji na mnunuzi wamekabana koo, yeye yuko mtaa wa pili na mteja mwingine. Ameandikwa juu ya mshale.

Hata huko kutokwisha kwenyewe ni maneno ya kitabuni. Kwenye raba ya silikoni platinamu haitolewi baada ya kazi. Inabaki humo humo, imetawanyika, gramu chache kwa kila tani, na hakuna anayeona faida ya kuirudisha. Ajabu ni kwamba mwamba wa Rustenburg, Afrika Kusini, nchi inayotoa sehemu kubwa kabisa ya platinamu ya dunia, nao una gramu chache tu za metali hizo kwa tani. Watu wanashuka mamia ya mita chini ya ardhi kukusanya kilichotawanyika, sisi tunakitawanya tena kwenye vyombo vya keki. Wachimbaji hao kwenye mlinganyo hawapo hata juu ya mshale.

Lakini utetezi wa kwanza ni mwepesi, hauhitaji kemia nyingi kuuvunja. Wa pili ndio mgumu: yangetokea tu.

Hapa mchochezi ana hoja. Kanuni inasema wazi kwamba kichocheo hakiwezi kufanya lisilowezekana liwezekane. Hakiongezi nishati. Kama bonde halipo, hakuna metali duniani itakayoyafanya maji yateremke. Wilhelm Ostwald, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alilisisitiza hili: kichocheo kinagusa kasi, hakigusi mahali mmenyuko ungetulia kama ungeachwa mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu anaposema hasira ilikuwepo kabla yangu, njaa ilikuwepo, ugomvi wa ardhi ulikuwepo, anasema kweli.

Isipokuwa bonde si moja. Hapo ndipo alkaini inapokuwa mwalimu mzuri kuliko mifano ya vitabu vya kidato cha tatu.

Chukua alkaini ambayo kifungo chake kiko mwishoni mwa mnyororo. Silikoni inaweza kukaa kwenye kaboni ya pembeni kabisa, ikiutazama mnyororo uliobaki kutoka ng'ambo. Inaweza kukaa kwenye kaboni hiyohiyo ya pembeni lakini upande mmoja na mnyororo, wamebanana. Au inaweza kukaa kwenye kaboni ya ndani. Ni vitu vitatu tofauti, vyenye atomi zilezile kwa idadi ileile, na vyote vitatu viko bondeni. Hakuna kati yavyo kilicho muujiza.

Tumia platinamu, utapata zaidi kile cha kwanza, na mara nyingi kidogo cha tatu kimechanganyikana nacho. Aina fulani za rodiamu zitakupa cha pili, ambacho ndicho kigumu zaidi kukaa. Na mwaka 2001 Barry Trost na Zachary Ball wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba rutheniamu ya aina fulani inakupa cha tatu, karibu peke yake. Chupa ile ile, malighafi ile ile. Kilichobadilika ni kile kilichoandikwa juu ya mshale, kile tulichoambiwa hakimo.

Kwa hiyo sentensi "yangetokea tu" ina shimo katikati. Yapi yangetokea? Kitu fulani kingetokea, sawa, pengine polepole, pengine baada ya miaka. Lakini kwamba kitokee hiki na si kile, na kitokee leo, hilo si la malighafi. Vichocheo vingi vinapata heshima viwandani kwa sababu ya uchaguzi kuliko kwa sababu ya kasi.

Nitoe mfano wa kazini kwetu, wa kubuni, ingawa mhariri yeyote wa mikoani ataujua. Ng'ombe wameingia kwenye shamba la mahindi. Mwenye shamba amejeruhiwa kwa fimbo kichwani. Vijana wawili waliokuwa wakichunga wamekimbia. Diwani aliandikiwa barua mara mbili kuhusu mpaka wa malisho na hakujibu. Hayo ndiyo yote yaliyothibitishwa. Sasa andika kichwa cha habari. "Wafugaji wavamia shamba, wajeruhi mkulima." Au: "Mkulima ajeruhiwa katika ugomvi wa ng'ombe." Au: "Mtu ajeruhiwa, barua za mpaka hazijajibiwa." Hakuna uongo hata mmoja. Kila neno lina shahidi. Wa kwanza unawapeleka watu na marungu kwenye maboma yaliyo karibu. Wa pili unaliacha jambo mikononi mwa polisi. Wa tatu unawapeleka ofisini kwa diwani. Na ukimuuliza aliyeandika wa kwanza atakujibu kwa moyo mweupe kwamba yeye hakubuni chuki ya wakulima na wafugaji, aliikuta. Ndiyo, aliikuta. Aliyeandika wa tatu pia aliikuta.

Hapo ndipo naweka mpaka wangu. Mchochezi hawajibiki kwa kuni. Anawajibika kwa upande ambao moto umeelekea. Ni mgawanyo wa lawama, na unakata pande mbili, jambo ambalo wenye mamlaka hawalipendi.

Arusha inaonyesha pande zote mbili, kwa sababu ni mji mmoja wenye historia ya mahakama mbili zilizolishika neno hilihili kutoka ncha tofauti.

Ya kwanza ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu katika kesi iliyokuja kuitwa kesi ya vyombo vya habari. Mmoja wao alikuwa Ferdinand Nahimana, mwalimu wa historia wa chuo kikuu na mmoja wa waanzilishi wa redio ya RTLM. Redio hiyo ilianza matangazo Julai 1993, na mauaji yalipoanza Aprili 1994 ilifikia kutaja watu kwa majina na mahali walipo. Nahimana hakuwa mtangazaji. Mwaka 2007 majaji wa rufaa waliondoa sehemu ya hukumu na kupunguza kifungo chake kutoka maisha hadi miaka 30. Walitenganisha matangazo ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, ambayo mengi yalieneza chuki lakini hawakuridhika kwamba yalichochea moja kwa moja mauaji ya kimbari, na yale ya baada ya hapo, ambayo yalichochea. Kwa haya ya pili Nahimana alibaki na hatia, kwa kuwa alikuwa na mamlaka juu ya waliokuwa kwenye kipaza sauti na hakuwazuia.

Ninaikubali hukumu hiyo, na sababu moja ni kwamba inajibu udhaifu wa mfano wangu mwenyewe. Platinamu haina nia. Haijachagua chochote. Anayechagua ni mwanakemia aliyefungua kabati, akaiacha rodiamu, akachukua platinamu. Tukisema uchaguzi wa bidhaa unatokana na metali, lawama inapanda ngazi moja juu, kwa yule aliyejua metali gani inatoa nini na akaiweka chupani. Mtangazaji kijana anayelipwa kwa kipindi ni mtu, si metali, kwa hiyo na yeye ana lake. Lakini mwenye kabati ana lake zaidi, na kwa kawaida ndiye asiyeonekana.

Mahakama ya pili iko Arusha mpaka leo: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Katika sheria ile nia ya uchochezi ni pamoja na kuleta chuki, dharau au kutoridhika dhidi ya mamlaka halali ya serikali. Hebu lisome tena neno kutoridhika. Kwa mtazamo wa sheria ya namna hii, urithi wa ukoloni wa Kiingereza, wananchi ni chupa iliyotulia ambayo haina nishati yoyote ndani yake, mpaka aje mwandishi na tone lake. Maji hayana dawa, zahanati haina vidonge, watu wameridhika, kisha gazeti linawachochea wasiridhike.

Kemia ya namna hiyo haipo. Hakuna kichocheo kinachoweza kuingiza kutoridhika kwenye kijiji chenye maji. Mkuu wa wilaya anayesema "kuna wachochezi" kila watu wanapofunga barabara anafanya kosa lilelile la mtangazaji wa chuki, ila kinyumenyume. Mtangazaji anasema kuni ndizo zilizofanya yote, mkuu wa wilaya anasema kuni hazipo. Wote wawili wanakwepa kuulizwa swali la upande: kati ya yaliyowezekana, nani aliyafanya haya yatokee?

Umebaki ule utetezi wa udogo, na kwa huo nina maneno machache, ya dhahabu.

Kwa muda mrefu dhahabu ilihesabiwa kuwa metali mvivu kuliko zote, ndiyo maana tunaivaa: haishiki kutu, haijali jasho. Mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake huko Japani walionyesha kwamba dhahabu ikivunjwavunjwa kuwa chembe za nanomita chache, ikatandazwa juu ya oksidi za metali nyingine, inaunguza kaboni monoksaidi hata kwenye baridi iliyo chini kabisa ya sifuri. Tangu hapo imeingia kwenye kazi nyingi ambazo ilidhaniwa haiziwezi, pamoja na hii ya alkaini na saileni: watafiti wa Chuo Kikuu cha Krete wameifanya kwa chembe za dhahabu juu ya titaniamu oksaidi. Mkufu wa bibi harusi hauwezi kazi hiyo. Chembe inaiweza kwa sababu sehemu kubwa ya atomi zake ziko juu, zinagusana na wengine.

Simu zetu ziko hivyo. Gazeti lina mhariri, lina mwanasheria, lina anwani ya kuandikiwa malalamiko, ni bonge zito. Ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini una mdomo mmoja na masikio mamia ya kundi moja, na hayo yana makundi mengine. Anayesema mimi ni mdogo anasema jambo ambalo kwa dhahabu lingekuwa sababu ya kuogopwa.

Kuna jambo moja la mwisho la kiwandani ambalo naliona halizungumzwi kabisa kwenye mafunzo yetu ya maadili ya uandishi. Platinamu ikichanganywa na malighafi ya raba inaweza kuanza kazi papo hapo, kabla fundi hajamimina kwenye umbo. Kwa hiyo wanatia kizuizi. Na kizuizi kinachotumika sana ni alkaini yenyewe, aina maalumu yenye pombe ndani yake. Inaikumbatia platinamu, inaishughulisha, mchanganyiko unaweza kukaa kwa saa au siku bila kuganda. Ukipashwa moto, alkaini inaachia na kazi inaanza. Kuna vizuizi vingine vinavyoua kabisa, kama salfa: daktari wa meno akikanda ule udongo akiwa amevaa glavu za mpira wa kawaida, salfa kidogo iliyo kwenye glavu inaweza kuufanya usigande, na mgonjwa anaanza upya.

Vyumba vya habari navyo vina vizuizi vyao. Kuna sheria ya vyanzo viwili, kuna simu ya kumpigia anayetuhumiwa, kuna mzee wa dawati anayeuliza "hii umeipata wapi?" Wenye nguvu wangependa vyote viwe salfa, visiruhusu chochote kigande milele. Sisi tunajisifu kwamba vyetu ni vya aina ya alkaini, vinashikilia kwa muda tu, mpaka habari imwagwe mahali pake. Shida ni kwamba kizuizi cha aina hiyo kimetengenezwa kiachie joto linapopanda. Mwezi wa Februari, habari ya barabara ya wilayani, kila mtu anapiga simu ya pili. Usiku wa kuhesabu kura, saa nane, matokeo ya kata moja yamefika kwa picha iliyopigwa kwa simu, washindani wameshayarusha hewani, mzee wa dawati amelala kwenye kiti, na kijana wa zamu ana vichwa vitatu vya habari kwenye kioo, vyote vya kweli.